Wageni wa Airbnb mmezidi! Huyo mende kwenye picha si wa kwangu

Wakuu, anayepangisha nyumba kwa siku kwenye app kama Airbnb aje tulie pamoja. Na mgeni mwenye tabia hizi asome mpaka mwisho.

Nina apatimenti ya chumba kimoja Mikocheni. Juzi kaingia jamaa na mkewe, wakakaa kimya, hakuna lalamiko. AC nyuzi 16 usiku na mchana, mlango wa baraza wazi! Umeme ukakata usiku wa manane, nikaamshwa ninunue LUKU nyingine. Nikanunua, mgeni ni mgeni. Kutoka ni saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu meseji hiyo: "Nyumba ina mende, mke wangu hajalala. Nirudishie hela yote la sivyo nakupa nyota moja." Na picha juu.

Nikaifungua. Mende yupo kweli, kalala chali, kanenepa. Ila kalalia vigae vyeupe vyenye maua ya bluu! Kwangu sakafu nzima ni kijivu mpaka chooni, na picha za tangazo kila mtu anaziona. Yaani mtu anatembea na mende wake kwenye simu, nyumba hadi nyumba. Nikamuuliza vigae vimebadilishwa lini. Kasoma, kanyamaza.

Dada wa usafi anaingia: mashuka yana madoa ya hina, taulo mbili hazipo, na balbu ya chooni imefunguliwa. Balbu jamani! Na alikuja na gari lake.

Wanaoletwa na madalali nao wana yao. Anakuonyesha meseji ya muamala imeandikwa vizuri kabisa, kumbe imetumwa na namba ya mtu wa kawaida na salio lako halijasogea hata shilingi. Ukimwambia asubiri uangalie salio, ananuna eti unamdharau. Anune tu, funguo hazitoki.

Kwa wenzangu mnaolipa ili yaishe kwa kuogopa nyota: acheni, mnawalea hawa watu. Airbnb wenyewe wamekataza kutishia tathmini ili urudishiwe hela. Usimpigie simu, mjibu humo humo kwenye app ili maandishi yabaki. Piga video kabla dada hajagusa kitu, kisha peleka Airbnb madai ya vilivyoharibiwa au kuibwa ndani ya siku 14 tangu mgeni atoke. Na tathmini yako mgeni haioni mpaka naye aandike yake au siku 14 ziishe, kwa hiyo mwandike alivyo. Mimi nimeshamwandika, na maua ya bluu nimeyataja.

Sasa nyie mnaochukua amana kwa wageni wa madalali, mnaanzia shilingi ngapi? Nikisema 50,000 wanakimbilia jirani, na jirani hadai hata kitambulisho.