Kuhamia kwenye gari moja kwa moja: Noah, Hiace au Coaster?

mtu_wa_viazi:
Wakuu habari za jioni. Kazi yangu kukusanya viazi, wiki hii niko Uyole, ijayo Makete, nikitoka huko Njombe, hela ya gesti imenichosha na chumba nalipia Mbeya hata silali. Nataka nihamie kwenye gari kabisa, kitanda jiko kila kitu humo humo. Niko peke yangu. Nichukue ipi?

spana_13:
Noah futa. Siku mbili utaenjoi, ya tatu mgongo unakudai.

mzee_coaster:
Coaster mzee, unasimama wima unavaa suruali kama binadamu. Mi yangu nimeweka tenki la maji lita 100 na nafasi imebaki.

fundi_bodi:
Hizo lita 100 ni kilo 100 mkuu, unapanda nazo milima kila siku. Coaster tamu ikipaki, sasa huyu anaingia vijijini Makete masika, udongo ule ukilowa atalala humo hadi trekta lije. Hiace, ila iwe ya paa la juu, ile ya kawaida ndani ni kama mita 1.3 tu utaishi umeinama kama unapalilia, ya paa la juu inafika 1.6 hivi. Na kabla hujalipa funua kapeti, vipanya, Hiace zilizostaafu daladala, vingi sakafu imeoza rangi ndo inaficha. Ukitoboa paa kufunga paneli ya sola ziba na silikoni vizuri, la sivyo mvua ya Tukuyu itakufuata kitandani.

dada_makete:
Mnapima urefu tu, baridi je?? Juni Julai huku kuna asubuhi unakuta maji ya kwenye beseni yameganda juu. Mimi na baba watoto tulilala kwenye Hiace bati tupu, kuamka bati linatiririka maji ndani, nikajua mvua kumbe pumzi zetu wenyewe. Weka yale maboksi meupe ya povu wanayopakia TV, juu yake plaiwudi, na dirisha liache wazi kidogo hata kama unatetemeka. Halafu kaka yangu nakuomba, jiko la mkaa lisiingie humo, hata la kuota dakika 10. Ile hewa yake haina harufu, unalala huamki.

spana_13:
Dada kasema kweli. Tumia gesi, mtungi wa kilo 6, toboa tundu sakafuni karibu yake maana gesi ikivuja inashuka chini haipandi.

mtu_wa_viazi:
Na betri ya sola? Ya maji au lithiamu?

mzee_coaster:
Ya maji ni rahisi ila ukiimaliza kuvuka nusu kila siku inakufa mapema, lithiamu unakamua karibu yote. Ila lithiamu ikipoa chini ya sifuri haichajiwi, kwa hiyo iweke ndani unapolala sio kuining'iniza chini ya gari.

mtu_wa_viazi:
Ndaga sana, dada hasa. Jumamosi naenda kuona Hiace moja Mwanjelwa, fundi utanisindikiza?

fundi_bodi:
Twende saa moja asubuhi, kabla mwenyewe hajaiosha.