Banu Umayya ni Makureshi wa damu au walidandia tu?

Mwana wa Kisauni: Wajuzi nisaidieni. Jana baada ya isha jamaa kasema eti Umayya, babu wa ukoo wa Banu Umayya, alikuwa mtoto wa kulelewa tu, si Mkureshi wa kabila la Mtume. Mimi madrasa nilisomeshwa ni mtoto wa Abd Shams, na Abd Shams ni nduguye Hashim, baba yao Abd Manaf. Lipi ni lipi?

Kipanga: Ulivyosomeshwa ndivyo, hayo ya kulelewa ni maneno ya mahasimu wao. Lakini mchango wao katika Uislamu upi? Abu Sufyan wa ukoo huo kaongoza jeshi la kumpiga Mtume vita vya Badr, Uhud, Khandaq, kaja kusilimu 630 Makka iko karibu kutekwa, hana pa kukimbilia. Mtu wa kusilimu hivyo naye utamhesabu?

Mama Zuhura: Badr toa shekhe, jeshi lilikuwa na Abu Jahl, Abu Sufyan yuko na msafara wake wa biashara kapita njia ya pwani. Na Uthman bin Affan, khalifa wa tatu, si wa Banu Umayya? Kasilimu mapema mno, kaozwa mabinti wawili wa Mtume, alipofariki mmoja akapewa mwingine. Umm Habiba je, mke wa Mtume, binti wa huyohuyo Abu Sufyan? Kahajiri mpaka Habasha, Ethiopia hiyo. Baba yake alipokwenda Madina kuunusuru mkataba wa Hudaybiya, ule wa amani baina ya Makureshi na Waislamu, akaingia kwake anataka kukaa, binti akalikunja tandiko, hili la Mtume na wewe ni mushriki. Baba mzazi jamani!

Kipanga: Badr nimechanganya, nakubali. Na Karbala 680, alipouawa Husein mjukuu wa Mtume? Yazid, ambaye jeshi lake ndilo lililomuua, si wa kwao?

Mgeni wa Juzi: Karbala niachieni kwanza. Kipanga, "mtu wa kusilimu hivyo" ndiyo nini? Mimi nimesilimu na miaka 41, mashemeji wananiita Mwislamu wa ndoa, nikisimama safu ya mbele naona mtu ananitazama miguu kama nimeikosea. Na mimi hunihesabu?

Kipanga: Kaka sikukulenga wewe wallahi.

Mgeni wa Juzi: Hukunilenga ila jiwe limenipata.

Mama Zuhura: Na kama ni damu, Abu Lahab alikuwa Bani Hashim, ami yake Mtume khalisi, na sura nzima ya kumlaani imeshuka. Damu ilimfaa nini?

Kipanga: Kakangu nisamehe, kauli ile naifuta. Ikrima mtoto wa Abu Jahl alikimbia Makka ilipotekwa, akarudi akasilimu, akafa vitani Sham, upande wa Syria, akiupigania Uislamu. Nilimsahau.

Mgeni wa Juzi: Nimesamehe. Ila huyo Ikrima mtaje na msikitini, mashemeji zangu wamsikie.