Kuwapeleka Jozani wanafunzi wenye ulemavu

Mwalimu wa Mjini

Assalamu alaikum. Natarajia kuwapeleka wanafunzi wangu katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hapa Unguja, na miongoni mwao mmoja anatumia kiti cha magurudumu na wawili hawaoni. Mwaka jana, katika ziara ya mahali pengine, watoto hawa watatu walibakishwa ndani ya basi mpaka wenzao waliporudi, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Je, ni sehemu zipi za Jozani wanazoweza kuzifikia pamoja na wenzao?

Mtembeza wageni

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Anzeni na kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, kwa sababu makundi yaliyozoea watu hupenda kukaa katika miti na mashamba yaliyo karibu na barabara kuu, ambako kutembea ni rahisi kuliko ndani. Njia ya msituni ni ngumu zaidi, kwani msitu huu umeota mahali ambapo maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, hivyo masika ardhi hufurika. Kwa ajili hiyo epukeni Machi hadi Mei. Ama ile njia ya mbao inayopita katika mikoko, nendeni mkaipime kwanza. Kiti cha kawaida kina upana wa takriban sentimita 65, lakini mikono inayosukuma magurudumu nayo inataka nafasi, kwa hiyo tafuteni sentimita 90.

Mtumiaji wa kiti cha magurudumu

Upana peke yake hautoshi. Mbao zikilazwa kufuata urefu wa njia, gurudumu dogo la mbele huzama katika ufa na mtu akapinduka. Zikikingama, na ufa usizidi sentimita moja, kiti hupita bila ya taabu. Tena, Mwalimu, ulizia choo: mlango una upana gani, na mna nafasi ya kugeuza kiti? Mimi siku ya safari hushinda bila ya kunywa maji kwa kutojua kama nitapata choo ninachoweza kuingia, na mtoto hafai kufanyiwa hivyo.

Mzazi wa mtoto asiyeona

Nawaombea wale wawili wasipewe masimulizi matupu. Chagueni siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kutoka sana, saa ambayo maji yametoka, ili washike mizizi ya mikoko iliyopinda kama matao, wasikie harufu ya tope, na waonje kwa ncha ya ulimi jani la mchu, mti unaotoa chumvi kupitia majani yake. Wala usiombe kama anayeomba hisani: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kifungu cha 30 kinataja waziwazi burudani na utalii.

Mwalimu wa Mjini

Nimefarijika sana, ndugu zangu. Jumamosi nitakwenda kupima, nikifuatana na mwanafunzi mwenyewe na baba yake, kwa sababu yeye ndiye anayekijua kiti chake.