Kimaragoli cha mama, Sheng ya binti yangu: kituo kimoja cha umma kinaweza kuwabeba wote?

Fundi_wa_Antena (Kaptembwo, Nakuru)

Wadau, hamjambo. Kazi yangu ni kupandisha antena na kufunga ving'amuzi, sana sana kwenye ploti za kupanga huku Kaptembwo na Rhonda. Mlango huu Mluhya, unaofuata Mjaluo, kisha Mkisii, kisha Mkalenjin. Nikimaliza kutafuta vituo, wazee huniuliza kama kuna kinachoongea lugha yao. Vijana hawaulizi kitu, wananyoosha mkono wapewe rimoti.

Sasa swali hilo liko kwangu nyumbani. Mama amekuja kutoka Chavakali kutibiwa mtoto wa jicho. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Binti yangu ana miaka 14, amezaliwa hapa hapa, anaongea Sheng na Kiswahili cha shule. Kimaragoli, Kiluhya cha kwetu, anaelewa akiitwa kula, basi. Jioni wanakaa kochi moja. Mama anaanza kumsimulia walivyokuwa wakilima katikati ya yale mawe makubwa ya vilima vya Maragoli, mtoto ananigeukia nimtafsirie. Nikichelewa kazini hakuna wa kutafsiri, wanakaa kimya wakitazama televisheni ambayo mmoja wao haielewi.

Najua KBC, shirika letu la utangazaji la umma, ina vituo vya televisheni: Heritage ya lugha na tamaduni, na Y254 ya vijana. Nashukuru zipo, na mimi mwenyewe nimezitafutia watu wengi. Lakini zikitengwa hivyo ni kama kusema kijana hana lugha ya mama, na mzee haishi mjini. Je, haiwezekani kuwahudumia wote wawili kwenye kituo kimoja, hata kipindi kimoja? Nafasi hewani si kikwazo kama zamani. Kabla ya matangazo ya zamani ya analojia kuzimwa mwaka 2015, masafa ya kituo kimoja yalibeba kituo kimoja tu. Siku hizi yanabeba zaidi ya kumi. Kuna mahali mmeona ikifanyika?

Nyar_Kondele (Kisumu)

Pole kwa mama, apone haraka. Kwa redio hili lilishafanyika: KBC yenyewe ina Mayienga ya Kijaluo, Ingo ya Kiluhya, Minto ya Kikisii, Kitwek ya Kikalenjin. Redio ni mtangazaji na maikrofoni. Televisheni inataka kamera, taa, waigizaji, usafiri, na mtu wa kuhariri usiku kucha. Hapo ndipo pesa huishia. Ila nakuunga mkono kuhusu vijana. Sheng yetu ya Kondele imejaa Kijaluo. Hatujaacha lugha, tumeichanganya tu.

Aliyerudi_Bungoma

Fundi, nilifanya kazi Johannesburg miaka sita, na unachouliza nilikiona kila jioni. SABC 1 ni kituo cha umma kilichoanza kwa jina hilo Februari 1996. Ndicho kituo cha vijana, na papo hapo ndicho cha Kizulu, Kixhosa, Kindebele na Kiswati. Muziki wa vijana, tamthilia, kisha habari kwa lugha ya nyumbani, bila mtu kubadilisha kituo. Kwenye tamthilia mmoja anaongea Kizulu, mwenzake anamjibu Kisotho, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kizulu wa miaka sabini, na alikuwa akibishana na wajukuu wake juu ya mhusika yule yule.

Lakini tusidanganyane: lugha hizo nne ni ndugu, Mzulu anamwelewa Mxhosa. Kijaluo na Kimaragoli si ndugu hata kidogo. Na hata sisi Waluhya, mimi Mbukusu nikimsikiliza mama yako nitapotea njiani.

Fundi_wa_Antena

Asante sana, hiki ndicho nilikuwa natafuta. Hilo la udugu limenikumbusha kitu. Jirani yangu Mkisii humfuata mama vizuri kuliko rafiki zangu Wabukusu. Nilisoma kwamba Kimaragoli, Kikisii na Kikuria wataalamu huviweka kundi moja. Kwa hivyo kipindi kimoja cha Kimaragoli kitabisha hodi milango zaidi ya mmoja kwenye ploti yangu.

Na kuhusu maandishi ya chini: mama hayaoni, na hata macho yakipona hakusoma. Kwa hivyo sauti lazima iwe ya mzee, maandishi yawe ya kijana, Kiswahili kilichoandikwa vizuri. Wengi hufanya kinyume: sauti ya Kiswahili, halafu lugha ya nyumbani inabaki wimbo wa kufungulia kipindi.

Kutoka_Mfangano

Mkigawana saa, mtukumbuke na sisi Wasuba. Huku visiwani watoto wengi wanakua wakiongea Kijaluo, Kisuba kiko kwa wazee. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili, na haijasema zile kubwa tu. Nusu saa kwa wiki, bibi mmoja na mjukuu mmoja wakitengeneza nyavu. Hata studio haihitajiki.

Fundi_wa_Antena

Ndugu wa Mfangano, hiyo ya bibi na mjukuu ningeitazama hata bila kuelewa neno. Kisuba nacho nadhani kiko kwenye kundi lile lile la Kimaragoli, kwa hivyo huenda mama angeshika mawili matatu.

Jana nilimwekea simu mbele asimulie habari ya yale mawe, dakika kumi na mbili. Binti ndiye anayeandika Kiswahili cha chini. Amekwama kwenye neno moja la jembe la zamani, ameenda kumuuliza mwenyewe, na bado hawajarudi sebuleni.