Tupeane uzoefu: siku ulipouliza "pesa za msaada zimekwenda wapi?"

Mkoba Mwekundu
Wakuu, jana nilikuwa napanga kabati nikakuta kitabu cha stakabadhi kilichobaki vishina vitupu. Moyo ulinilipuka paa, kama nimekutana na mdai. Ni cha miaka kumi na moja iliyopita, enzi hizo nikiwa mweka hazina wa kikundi cha kuchangia matibabu ya watoto. Tulikuwa watu tisa tunaojuana mpaka majina ya utani.

Siku moja kwenye kikao, mwenzetu mmoja mkimya sana alinyoosha mkono akauliza, "Samahani, salio letu benki ni kiasi gani?" Basi, hilo tu. Mwenyekiti akacheka, halafu akanuna, halafu akasema, "Kumbe humu ndani tunashukiana." Kikao kikafia hapo na yule bwana hakurudi tena. Mimi mwenye jibu kwenye mkoba nilikaa kimya. Na salio lilikuwa sahihi! Hakuna aliyetafuna hata senti. Nilinyamaza kwa sababu tu mwenyekiti amenuna.

Haya, tupeane uzoefu. Uliyewahi kuuliza, uliyewahi kuulizwa, na wewe uliyewahi kula (hahaha). Majina ya vikundi na mashirika yenu yaacheni huko huko, tusije tukaitana mahakamani.

Nukta Saba
"Kumbe tunashukiana." Daah. Hayo maneno nimeyasikia kwenye vikundi vitatu tofauti, na vyote vitatu havipo leo.

Mzee wa Vocha
Nimekagua hesabu za mashirika ya hisani miaka 26, sasa nimestaafu. Mtu wa kubeba pesa kwenye gunia sijamwona. Niliowaona ni watu wa "tuazime".

Pesa imetolewa ya kisima, na mfadhili ameandika kabisa kwamba ni ya kisima na si ya kitu kingine. Mishahara imechelewa. Mkurugenzi anasema tuazime kwenye kisima, ruzuku ikiingia tunarudisha. Ruzuku inaingia, inakuta pango la ofisi linadaiwa. Mwaka ukiisha kisima kinaidai mishahara, mishahara inalidai pango, na ukimwita mmoja mmoja hakuna aliyeiba. Siku mfadhili akija anaonyeshwa shimo la mita mbili na watu wanaopiga makofi. Fedha yenye masharti haiazimwi bila ruhusa ya aliyeitoa. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko posho hewa.

Paka Shume
Mzee, hapo umewatetea wapigaji. "Hakuna aliyeiba" wakati kisima hakipo?

Mzee wa Vocha
Soma tena. Nimesema ni kosa KUBWA kuliko posho hewa.

Paka Shume
Nimesoma. Ndiyo maana nimeuliza.

Chenji Baki
Mimi niko upande wa walioulizwa. Ilikuwa mafuriko, nikapewa masurufu kupeleka mablanketi. Nikalipa wenye mitumbwi, wapagazi, vijana wa kulinda mzigo usiku. Nani anakuandikia risiti saa nane ya usiku, maji yakiwa kiunoni? Niliporudi nikaambiwa marejesho yote ndani ya siku saba, la sivyo nakatwa mshahara.

Nikakaa mezani na kalamu tatu za rangi tofauti, nikajiandikia risiti. Nyingine kwa mkono wa kushoto. Pesa yote ilitumika kwa kweli, na risiti zote zilikuwa za uongo. Mkaguzi alipopita akasema faili langu ndilo safi kuliko yote. Mwenzangu aliyeandika ukweli, "risiti hakuna, nililipa watu majini", yeye ndiye aliyekatwa.

Mzee wa Vocha
Kuna karatasi ya uthibitisho wa malipo. Aliyepokea anaweka dole gumba, shahidi anasaini, kiongozi wa eneo anasaini, inakubalika vizuri tu. Mngeuliza kabla ya kuondoka.

Chenji Baki
Dole gumba kwenye mvua, mzee wangu?

Asiyeitwa
Nimesoma mada hii tangu asubuhi, nafunga, nafungua. Acha niseme.

Nilikuwa na miaka 22, kazi ya kwanza. Shirika lilikuwa la kulea watoto kwa mtindo wa mfadhili mmoja, mtoto mmoja. Mtu wa mbali anapewa picha na jina, anatuma pesa kila mwezi, na mara mbili kwa mwaka anapata barua ya mtoto. Mimi nilikuwa karani wa barua. Mwanzoni watoto waliandika wenyewe, mimi nafasiri. Baadaye wengine hawakuwa na la kusema, nikawa nawasaidia. Baadaye nikawa naandika mimi, wao wanachora maua pembeni. Mwisho hata maua nikawa nachora mimi.

Kulikuwa na mtoto nitakayemwita Arobaini na Moja, maana hiyo ndiyo namba ya faili lake. Alipofika miaka minane shangazi yake alikuja kumchukua, wakahama. Nikapeleka taarifa faili lifungwe. Mkurugenzi akaniambia tusubiri mwisho wa mwaka, tukimfuta sasa bajeti itayumba. Mwisho wa mwaka ulifika, ukapita.

Mfadhili wake alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwandiko wa kutetemeka. Nilimjibu miaka mitatu. Nilimwambia nimepanda darasa. Nilimwambia nimeng'oka jino. Akaniandikia pole ya jino, ukurasa mzima.

Mwaka wa tatu akaandika kwamba anakuja, na angependa kuniletea viatu (naandika "kuniletea", mnaona lilivyonikaa), kwa hiyo nimtumie alama ya mguu kwenye karatasi. Mkurugenzi akasema, "Kamata mtoto yeyote." Nikamwita mtoto wa mlinzi, nikamsimamisha juu ya karatasi, nikazungusha penseli kwenye mguu wake. Alikuwa anacheka, penseli inamtekenya.

Yule mama alikuja na boksi la viatu lililofungwa utepe. Akaambiwa mtoto yuko likizo kwa ndugu. Hakubisha. Akaomba aone kitanda anacholala. Mimi ndiye niliyempeleka bwenini nikamwonyesha kitanda kisicho na mwenyewe. Akakaa ukingoni, akavitoa viatu, akavipanga sakafuni vikitazama mlango, kama vya mtoto anayeamka kwenda shule. Halafu akaniuliza, "Lile jino, liliota?"

Nikamwambia liliota.

Viatu alivaa mtoto wa mlinzi. Vilimkaa sawasawa, vingeachaje. Mimi niliacha kazi baada ya miezi minne, na hiyo minne yote nilipokea mshahara. Kabla sijaondoka nilikaa na mwenzangu wa hesabu tukahesabu: mafaili 64, vitanda vinavyolaliwa 39.

Nukta Saba
Jino. Mimi leo sifanyi kazi tena.

Bibi Daftari
Mwanangu, pole. Ulikuwa mdogo, na ile ilikuwa amri ya mkubwa wako.

Kata Mzizi
Samahanini, pole za nini? Mjane wa watu alitoa pesa miaka mitatu kwa sababu ya barua. Kalamu aliishika nani? Mkurugenzi hakuandika hata mstari mmoja.

Bibi Daftari
Una watoto wewe? Unajua kazi ya kwanza ilivyo?

Kata Mzizi
Ninao wawili, na hakuna anayelipiwa na mjane wa mtu. Miaka 22 mtu anaoa, anapiga kura, anafungwa jela.

Paka Shume
Ndiyo walewale, anashambuliwa karani huku mwenye shirika anakunywa chai. Dada, mkurugenzi yuko wapi sasa?

Asiyeitwa
Amestaafu. Walimfanyia sherehe ya kuagwa. Hata mimi nililetewa kadi.
Na Kata Mzizi yuko sahihi. Sikuomba pole.

Msomaji wa Usiku
Anayedhani haya ni ya ofisi za chumba kimoja, asikie. William Aramony aliongoza United Way ya Marekani, shirika kubwa la kuchangisha misaada, zaidi ya miaka 20. Mwaka 1992 akajiuzulu baada ya waandishi wa habari kuanika matumizi yake, 1995 mahakama ikamkuta na hatia ya ulaghai, akapewa kifungo cha miaka 7. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani na majimbo yote 50 walifungua kesi dhidi ya mashirika manne yaliyochangisha kwa jina la wagonjwa wa saratani. Dai lilikuwa kwamba kati ya 2008 na 2012 yalikusanya zaidi ya dola milioni 187, na nyingi zikaishia kwa waendeshaji, jamaa zao na kampuni za kuchangisha. Magari, ada za vyuo, safari za meli, hata usajili wa tovuti za kutafuta wachumba.

Nukta Saba
Wachumba tena? Saratani ikalipia wachumba?

Bibi Daftari
Mimi ndiyo maana kabla sijatoa nauliza asilimia ya uendeshaji. Ikizidi kumi, kwaheri.

Mzee wa Vocha
Asilimia ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kupika, mama. Mshahara wa mhasibu unauita "mafunzo kwa jamii", umeshuka. Au unaandika mzigo wa vifaa uliopita mikononi mwako kwa karatasi tu kama vile umeupokea na kuugawa, mapato yanavimba, uendeshaji unaonekana kiduchu. Hao wa kesi ya 2015 walituhumiwa mchezo huohuo. Na mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, watu ambao kazi yao ni kuyapima mashirika haya, waliwaandikia wachangiaji barua ya wazi kuwaomba wasihukumu kwa asilimia hiyo peke yake.

Bibi Daftari
Sasa nikiacha asilimia nishike nini? Sura?

Tarishi
Sisi tulijisifu uendeshaji asilimia nne, tuliiandika mpaka kwenye fulana. Ilikuwa nne kwa sababu hatukuwa na mhasibu. Miaka mitatu hakuna mtu aliyelinganisha daftari na taarifa ya benki. Tulipolinganisha, tukakuta hundi mbili zilizolipa karo za mtoto ambaye si yatima, baba yake alikuwa katibu wetu.

Paka Shume
Toeni vitu, msitoe pesa. Blanketi halina posho.

Chenji Baki
Blanketi halina posho? Umesoma nilichoandika hapo juu kweli?

Tarishi
Vitu navyo vina mambo yake. Tulipokea shehena ya dawa, nusu zimekwisha muda. Kuziteketeza kwa utaratibu kulitugharimu kuliko dawa mpya tulizohitaji. Na kwenye ripoti ya aliyetuma ziliandikwa kwa bei kamili, kama msaada.

Msomaji wa Usiku
Bibi Daftari, umeuliza ushike nini. Shirika likiwa la Marekani, tafuta Fomu 990. Mengi ya mashirika ya hisani huijaza kila mwaka, inaonyesha mishahara ya wakubwa, na sheria inataka mwananchi akiiomba apewe. Makanisa yamesamehewa kuijaza. Likiwa la Uingereza au Wales, daftari la Tume ya Mashirika ya Hisani liko wazi, unatafuta jina unasoma bila kulipa.

Mkoba Mwekundu
Na sisi wa kikundi cha watu tisa, kisicho na fomu wala tume?

Mzee wa Vocha
Watia saini watatu, hundi haitoki bila wawili. Anayeidhinisha asiwe anayelipa, anayelipa asiwe anayeandika daftari.

Nukta Saba
Na wasiwe mke na mume. Nimeona kwa macho yangu.

Tarishi
Taarifa ya benki isomwe kwa sauti kila kikao, na asiisome mweka hazina. Hata kama salio ni sifuri, lisomwe.

Sina Haraka
Mnajitesa bure. Toa, sahau. Ukitoa halafu ukafuatilia, hujatoa, umekopesha.

Kata Mzizi
Hiyo ndiyo dini ya wapigaji wote duniani. Karibu ibadani.

Sina Haraka
Mimi sijala pesa ya mtu, kaka. Chunga kauli.

Kata Mzizi
Sijasema umekula. Nimesema unawapikia.

Bibi Daftari
Nyie vijana hebu. Asiyeitwa, swali moja tu: yule mama alijua?

Asiyeitwa
Miaka yote nimejiuliza hilo, bibi. Baada ya ile safari aliendelea kutuma pesa. Ila barua hakuandika tena.

Kata Mzizi
Basi alijua.

Mkoba Mwekundu
Nimerudi. Kwenye jalada la nyuma la kile kitabu nilikuwa nimeandika salio la siku ile kwa penseli, limefifia lakini linasomeka. Namba ya yule bwana aliyeuliza ninayo, haijabadilika. Mchana huu nimemtumia salio, tarehe, na samahani. Nikajua atanipita tu.

Amejibu baada ya saa mbili: "Asante. Kulikuwa na mtoto wa upasuaji mwezi ule. Nilitaka kujua zimepungua ngapi, niongezee."

Nukta Saba
...

Paka Shume
Mwenyekiti aliyenuna ana namba?

Chenji Baki
Mzee wa Vocha, ile karatasi ya dole gumba unayo nakala? Naondoka tena Jumatatu.