Supamaketi zinakufa kwa sababu ya wafanyakazi? Nakataa

Wadau, juzi kijiweni kwenye kahawa hapa Arusha mzee mmoja alisema maduka makubwa hayadumu kwetu kwa sababu vijana wanaoajiriwa ni wezi na wavivu. Karibu wote wakamuunga mkono. Shikamoo mzee wangu, lakini hapo nakupinga, na naomba tulijadili wazi.

Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliwauzia Nakumatt wa Kenya maduka yake ya Tanzania, la hapa Arusha likiwemo. Mwaka uliofuata Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, wakafunga yao ya Tanzania. Nakumatt, ambao Moshi walikuwepo tangu 2011, wakazama kwenye madeni ya wasambazaji na mabenki. Januari 2018 mahakama ya Kenya ikawawekea msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Niambieni, ni keshia gani aliyesaini ile mikopo?

Mimi nimekaa kaunta kwenye duka kubwa, silitaji. Gari la mkate lilikuwa linafika saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja dereva akaongea na meneja dakika chache, akafunga milango, akaondoka na mikate yake. Hawajalipwa. Kesho yake tukaambiwa tuvute makopo yote mbele ili shelfu lionekane limejaa. Mama mmoja akachukua kopo la maziwa, nyuma yake kukawa na ukuta mtupu. Akanitazama, akalirudisha taratibu, akatoka. Sikumwona tena.

Tulimwambia meneja kwamba wateja wameshashtuka. Akajibu, "Wewe uza." Mwisho wa mwezi shoti ya kaunta, yaani pesa iliyopungua kwenye hesabu, inakatwa kwenye mshahara bila kuulizwa chochote, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aonyeshe kosa ni lako, akupe hesabu kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Mtu unayemkata hivyo ataipigania kampuni yako kwa moyo gani?

Wizi upo, sifichi. Nimemwona mwenzangu akipitisha sabuni bila kuipiga kwenye mashine, na iliniuma. Ila gari la mkate halikugeuzwa na sabuni ile.

Kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, sukari ikiisha, Mangi anajua kabla ya mteja, maana yuko pale pale dirishani. Kwenye duka kubwa anayejua ni kijana wa shelfu, na mwenye uamuzi yuko ofisini, pengine nchi nyingine kabisa. Wasiposikilizana, basi.

Marekani, mwaka huo huo wa 2014, bodi ya maduka ya vyakula ya Market Basket ilimfukuza mkurugenzi wao, Arthur T. Demoulas. Wafanyakazi hawakuwa na chama cha wafanyakazi, lakini watu wa ghala na madereva waligoma, mboga zikaisha madukani, na wateja nao wakasusa. Kufika mwisho wa Agosti ndugu zake wakakubali kumuuzia hisa zao, akarudi kazini. Walimpigania kwa sababu aliwalipa vizuri na kampuni ilikuwa inawagawia faida. Hao nao tuwaite wavivu?

Mzee wangu, na wote mliomuunga mkono, nijibuni hili moja: asubuhi ile dereva alipogeuza gari, ungekuwa wewe uliyesimama kaunta, ungefanya nini?