Msaada: askari anaokota kipeperushi na kujisalimisha palepale, inaingia akilini?

Kalamu Butu: Wakuu, salaam. Naandika igizo la redio. Mhusika ni askari wa Kijerumani aliyeko Ufaransa, mwaka 1944. Ndege ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) inamwaga vipeperushi, anaokota kimoja, anasoma mistari mitatu, anatupa bunduki na kwenda kujisalimisha. Jamaa niliyempa asome amecheka hadi nikaona haya. Kwani hizo karatasi hazikuwa na nguvu? Mswada unatakiwa wiki ijayo.

Mlinzi wa Zamu: Jamaa yako ana haki ya kucheka, mkuu. Karatasi haimtikisi mtu aliyeshiba, akalala, na wenzake wako naye. Wanasosholojia wa Marekani, Shils na Janowitz, walichapisha utafiti mwaka 1948 kuhusu jeshi la Ujerumani. Waliona kilichomshikilia askari vitani ni kikosi chake kidogo, wale anaokula nao na kulala nao, kuliko siasa. Kwa hiyo mvunjie kikosi kwanza: chakula kisifike, sajini afe, wenzake watawanyike. Karatasi ije baadaye.

Bint Maktaba: Na asisome matusi kwa Hitler. Mpe Passierschein, hati ya kupita salama. Ilitengenezwa ifanane na cheti cha serikali: nembo za Marekani na Uingereza, sahihi ya Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika, maneno kwa Kijerumani na Kiingereza. Kiingereza kilimlenga askari wa Washirika atakayempokea: huyu anyang'anywe silaha, atunzwe, apewe chakula na matibabu, aondolewe haraka eneo la hatari. Basi. Haikuahidi pepo, na nadhani ndiyo maana iliaminika. Ila redio haina macho, itabidi azitaje zile nembo kwa mnong'ono.

Jogoo wa Zamani: Mmesahau matumizi ya chooni 😂 Harris wa jeshi la anga la Uingereza alikejeli vipeperushi vya mwanzo wa vita kwamba kazi yake ilikuwa kuwagawia watu wa bara la Ulaya karatasi za msalani. Wajerumani nao waliwarushia Wamarekani michoro ya wake zao wakiwa na wanaume wengine. Mtu anaangalia picha, anacheka, anarudi kwenye bunduki yake.

Kalamu Butu: Nimewaelewa. Sasa akishaiokota anafanya nini? Anaificha?

Mlinzi wa Zamu: Aifiche haswa. Ofisa akimkuta nayo ni kesi nzito. Halafu kuamua ni kitu kimoja, kufika ni kingine: avuke vipi bila kupigwa risasi ya mgongo na wenzake, au ya kifua na adui? Mimi ningeandika dakika kumi za hapo tu.

Bint Maktaba: Angalia na neno lenyewe. Kwenye hati walizorushiwa Wajapani, "najisalimisha" lilikuja kubadilishwa likawa "naacha kupigana", maana kwao kusalimu amri ilikuwa fedheha kubwa. Mjerumani wako naye mtafutie neno la kujiambia usiku, asijione msaliti.

Kalamu Butu: Nafuta onesho zima la pili. Sajini anakufa ukurasa wa nne, hati inakaa ndani ya soksi hadi ukurasa wa kumi na moja.

Jogoo wa Zamani: Soksi? Italoa jasho, mkuu, kufika kule ni uji. Weka kwenye kofia, kila akigeuza shingo tusikie karatasi inakwaruza.